Kiraka cha Mama Foronya

Usigeuze uso. Umeona maneno "ukomo wa hedhi" na tayari macho yako yanatafuta dirisha. Hivyo hivyo uligeuka mama yako alipokuwa akijipepea kwa kifuniko cha sufuria, ukasema ana hasira za bure. Wengine hatujasahau. Leo utasoma mpaka mwisho.

Mama Foronya alikuwa fundi cherehani wa hospitali. Alitia viraka mashuka, akashona foronya. Joto likaanza kumpanda kutoka kifuani hadi utosini, jasho chapachapa. Usiku halali, mchana anasinzia juu ya cherehani. Foronya akawa anazishona pande zote nne, wauguzi wanazigeuzageuza wakitafuta pa kuingizia mto. Ndipo alipopata hilo jina.

"Ukinishonea nyingine isiyo na mdomo," msimamizi wake alisema, "nakuhamishia chumba cha pasi."

Chumba cha pasi! Mwanamke anayeungua bila moto!

Daktari alikuwa amemwanzishia kiraka cha homoni, kile cha dozi ndogo kabisa, cha kubandika chini ya kitovu, pamoja na vidonge vya kulinda mji wa mimba. Joto lilipungua kidogo, kisha basi. Akarudi kwa daktari.

"Mwanangu, nikibandika viwili?"

"Hapana, mama. Usikate, usiongeze mwenyewe. Nakupandishia dozi mimi, tuone unavyoendelea. Ikizidi, tutashusha." Akapiga simu stoo: "Mama Foronya apewe kiraka cha nguvu zaidi."

Mtunza stoo akaja mwenyewe, turubai begani.

"Shemeji, hiki hapa. Hata tembo hakichani."

"Nikifanyeje?"

"Si kiraka? Fundi ni wewe."

"Cha kubandika mwilini, jamani!"

Mtunza stoo akamtazama kutoka juu hadi chini. "Kwani umechanika wapi?"

Kumbe viraka vya dawa vilifungiwa kabatini, na ufunguo uko kwa kamati ya dawa ya hospitali. Mama Foronya akaenda. Waheshimiwa walikuwa wamefunga madirisha yote, eti wanalinda siri ya mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe wamemwacha mlangoni. Akaingia bila kukaribishwa.

"Ajenda ni ile hali," mwenyekiti alikohoa.

"Hali ipi?" akauliza katibu.

"Ile ya akina mama. Ya ukomo."

"Imekoma?"

"Imekoma."

"Basi dawa ya nini? Tufunge kikao."

"Iliyokoma ni hedhi!" Mama Foronya alifoka. "Mimi bado nipo!"

Mwenyekiti akaziba masikio. "Taratibu, mama. Humu kuna watu wazima."

Katibu, mtu wa busara nyingi, akapendekeza wasikurupuke: dozi mpya ijaribiwe kwanza kwenye faili la mgonjwa. Wote wakaafiki. Kabati likafunguliwa, kiraka kikatolewa, kikabandikwa juu ya faili. Wakangoja, nyuso zimekunjamana kama wanaosubiri mtoto azaliwe. Kisha mwenyekiti akaligusa faili kwa kiganja.

"Limepoa," akatangaza.

"Halitoki jasho hata tone," katibu akaongeza. "Mgonjwa amepona. Dozi ya zamani inatosha."

Wakapiga makofi.

Joto likampanda Mama Foronya pale pale. Gauni likamganda mgongoni, kope zikalowa. Akasukuma dirisha, likafunguka kwa kishindo. Nje wanawake walikuwa kwenye foleni ya kungoja viraka kama chake, kila mmoja anajipepea kwa alichonacho.

"Dada zangu!" akapaza sauti. "Wamelitibu faili!"

Foleni ikageuka ikaingia ndani. Hakuna aliyempiga mtu. Walisimama tu, wamewazunguka, na jasho lao, na maneno yote ambayo waheshimiwa hawakutaka kuyasikia: hedhi, uke mkavu, kukosa usingizi, kulia bila sababu. Mwenyekiti alijificha nyuma ya faili lililopona. Daktari akaitwa, akatoa kabatini kiraka cha dozi ya juu, akamkabidhi Mama Foronya mkononi mbele ya wote.

Wiki chache baadaye akalala usiku kucha. Chumba cha pasi hakikumwona.

Lakini wale wa foleni? Waliposindikizwa nje, kamati ilifunga kabati tena, na kikao kijacho hakina tarehe. Wako pale hivi sasa, wakati wewe unatabasamu. Simama. Mwendee mama yako, mkeo, dada yako, umuulize waziwazi: dozi yako inakutosha? Akisema haitoshi, mshike mkono mwende pamoja kwa daktari, mkadai ufunguo. Siyo kesho. Sasa hivi, inuka!