Mstari wa Mjomba

Malori matatu yalikuwa yamejipanga langoni tangu saa mbili asubuhi, na madereva wake hawakuwa watu wa subira. Wa kwanza alipiga honi, wa pili akamwitikia, wa tatu akashuka kabisa, akaja dirishani kuuliza kama humu ndani watu wamehama. Chiriku hakugeuka. Macho yake yalikuwa yameganda kwenye kioo cha kompyuta, pale palipoandikwa kwa herufi nyekundu kwamba saini ya vifurushi haiwezi kuthibitishwa na kwa hiyo kazi imesitishwa.

Jina la Chiriku alilipata kwa sababu ya mdomo wake. Bohari nzima ya dawa ilijua kwamba ukimuuliza saa, atakueleza na saa ilikotengenezwa. Siku hiyo alikuwa kimya tangu asubuhi, na ukimya wake uliwatia watu wasiwasi kuliko honi za malori.

Kazi yenyewe, kwenye karatasi, ilikuwa nyepesi. Seva ya bohari, ile inayojua kila katoni imekaa rafu gani na dawa yake inaisha muda lini, na ambayo bila yake hakuna lori linalopakiwa, ilikuwa ikitumia toleo lililozeeka la Linux, mfumo unaoiendesha. Alitakiwa kuipandisha hadi toleo jipya kabla ya saa nane mchana. Saa nane ndipo ilipopangwa sherehe fupi ya kumuaga Mjomba, fundi mkuu wa kompyuta, aliyekuwa akistaafu siku hiyo, na hapohapo Chiriku angesaini hati ya makabidhiano mbele ya watu wote na kuipokea mashine iwe yake. Mjomba alikuwa mjomba wake kwelikweli, kaka wa mama yake, tumbo moja. Ndiye aliyemfundisha kazi akiwa hajui hata kuiwasha kompyuta. Wafanyakazi wengine waliiga tu, mpaka wenye mvi kumzidi nao wakawa wanamwita Mjomba.

"Bado?" Mkuu wa bohari alikuwa amesimama mlangoni, miwani imepandishwa kwenye paji la uso. Huyu walimwita Mama Lakiri, ila si mbele yake. Aliwahi kurudisha lori zima la dawa kwa sababu katoni moja lakiri yake ilikuwa imepasuka, na dereva alipolia, akampa kitambaa cha kufutia machozi na bado akamrudisha.

"Bado, mama. Saini inakataa."

"Saini ya nani tena? Miaka kumi na minne ya Mjomba wako hapa, hatujawahi kusikia habari za saini."

Hilo lilimchoma. Akajieleza haraka, maneno yakigongana. Programu za mashine hii huja kwa vifurushi kutoka ghala la mtandaoni. Kila kifurushi kina saini ya aliyekitengeneza, na mashine inao ufunguo wa kuikagulia saini hiyo. Isipoitambua, haipokei.

"Hakuna namna ya kuiruka hiyo hatua? Hospitali zinasubiri."

"Ipo. Lakini mama, katoni ikija haina lakiri, utaipokea?"

Mama Lakiri alimtazama kama aliyetukanwa. Kisha akaishusha miwani, akatoka kwenda kuwatuliza madereva, yaani kuwagombeza.

Chiriku akabaki na mashine yake. Alianza na saa, kwa sababu mashine yenye saa iliyochelewa huiona saini mpya kama kitu cha kesho na kuikataa. Saa ilikuwa sawa. Akaangalia mtandao, ukawa mzima. Akaandika amri ya kuzionyesha funguo zote zilizomo ndani, akazipitia moja moja kwa ncha ya kalamu. Za Linux yenyewe hazikuwa na neno. Ule wa kampuni iliyotengeneza programu ya bohari ulikuwa umeisha muda.

Akashusha pumzi. Kumbe ni hilo tu! Akasoma tarehe vizuri, na pumzi ikamrudi kifuani. Ufunguo ulikuwa umeisha muda miaka minne iliyopita.

Miaka minne. Na mwezi uliopita tu vifurushi vya kampuni hiyohiyo viliingia, aliviona kwa macho yake, Mjomba akiwa amekaa kwenye kiti hikihiki na kikombe cha chai mkononi. Kama ufunguo ulikuwa umekufa, vilikaguliwa na nini?

Asubuhi, kwa kufuata mwongozo wa toleo jipya, alikuwa ameliandika upya faili linaloieleza mashine ichukue vifurushi wapi. Hakulichunguza la zamani, aliliweka tu pembeni. Lilikuwa la Mjomba, na vya Mjomba havikuwa vya kuchunguzwa. Sasa akalifungua. Katikati yake palikuwa na mstari mmoja unaoiamuru mashine iliamini ghala lile bila kuuliza saini. Juu ya mstari palikuwa na maelezo, yote kwa herufi ndogo na nukta tatu mwishoni, kama Mjomba anavyoandika kila kitu mpaka salamu za rambirambi: kwa leo tu, nitarudisha jumatatu...

Chiriku aliegemea kiti. Alijisikia vibaya, vibaya kwelikweli, kama mtoto aliyefungua mlango ambao hakutakiwa kuufungua. Asubuhi yote alikuwa akisemwa kwamba enzi za Mjomba hapakuwa na makosa. Ni kweli hayakuwepo. Yalikuwa yamezibwa mdomo.

Kurekebisha hakukuchukua hata saa nzima. Alichukua ufunguo mpya kwenye tovuti ya kampuni, lakini hakuuamini kwa kuuona tu. Alipiga simu ofisini kwao akaomba asomewe alama ya utambulisho ya ufunguo huo, herufi na tarakimu arobaini. Dada wa upande wa pili alizisoma huku akitafuna kitu, nne nne, na Chiriku akafuatisha kwa kidole. Zote zililingana. Akauingiza ufunguo, akaamuru mashine iendelee, na maandishi yakaanza kushuka kwenye kioo bila wekundu wowote. Saa sita na nusu malori yalikuwa yanapakiwa, na madereva walikuwa wamepata kitu kingine cha kulalamikia.

Chiriku tu ndiye aliyekuwa hajatulia. Vifurushi vya leo vilikuwa na saini safi. Vya miaka minne viliingia hivihivi, na kumbukumbu zote za dawa zilipitia humo. Kuhakikisha kwamba hakuna kilichochezewa kungemla siku mbili, pengine tatu. Akainuka, akakaa, akainuka tena. Akaenda kunywa maji ambayo hakuyataka.

Alipogeuka kutoka kwenye maji, Mjomba alikuwa ameshaingia. Koti jipya, viatu vinang'aa, harufu ya sabuni. Tabasamu lake liliishia alipoliona faili la zamani likiwa wazi kwenye kioo.

"Umelifungua," alisema.

"Nimelifungua. Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba." Akavuta kiti, akakaa pembeni kabisa, kama mgeni. "Siku ile ufunguo uliisha muda, chanjo ziko kwenye majokofu na programu haitaki kusoma joto mpaka ipate kifurushi kipya. Niliwapigia kampuni, hawapokei. Nikasema niweke mstari huu kwa siku moja. Jumatatu ilipofika nilikuwa na kazi nyingine. Jumatatu ya pili nikaogopa."

"Ulikuwa uniambie lini?"

"Leo. Baada ya soda." Alijaribu kucheka, hakuweza. "Lakini si umesharekebisha? Saini tu, mwanangu. Nani atajua?"

"Hati inasema programu zote zimethibitishwa, Mjomba. Hazijathibitishwa. Wewe unajua na mimi najua."

"Kwa hiyo utanivua nguo mbele ya watu waliokuja kuniaga?"

Mjomba aliinuka, akalinyoosha koti lake, akatoka bila kuufunga mlango.

Saa nane walikusanyika kwenye ukumbi wa mikutano, viti vimepangwa, chupa za soda zinatoa jasho juu ya meza. Wapakiaji walikaa nyuma, wafamasia mbele. Zawadi ya Mjomba, kitu kikubwa kilichofungwa karatasi ya maua, ilikuwa mapajani mwa Mama Lakiri. Alisimama, akaikumbatia, akasema kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, sauti laini, kwamba katika miaka kumi na minne mashine ya bohari haikuwahi kutoa kosa hata moja, na kwamba angependa mpwa afuate nyayo za mjomba wake. Watu walipiga makofi mpaka vizibo vikaruka mezani. Mjomba aliinamisha kichwa. Aliyeiona shingo yake ikilowa jasho ni mmoja tu.

Kisha hati ikaletwa. Saini ya Mjomba ilikuwa tayari imetangulia, imeandikwa kwa wino wa bluu. Chiriku alikabidhiwa kalamu. Akaisoma ile sentensi, ingawa aliijua kwa moyo: mfumo umepokelewa ukiwa kamili, na programu zote zimethibitishwa. Akaweka ncha ya kalamu kwenye karatasi. Akaiondoa.

"Leo amepoteza na mdomo na mkono!" akapaza sauti mpakiaji mmoja, na watu wakacheka.

"Mama, naomba nisisaini kwanza," alisema Chiriku.

"Kwa nini?"

"Kuna kitu bado nakikagua."

"Kitu gani?"

Alifungua mdomo. Ilikuwa rahisi kusema ufunguo umeisha muda; ulikuwa ukweli, na ungewatosha wote humo ndani. Ilikuwa rahisi pia kusema yote. Alimtazama mtu aliyemlea kazini, aliyempa nauli yake mwenyewe ile wiki ya kwanza, na machozi yakaanza kumlenga. Kicheko kilikwisha ukumbini. Mama Lakiri alikuwa bado anasubiri.

Ndipo Mjomba alipoinuka. Aliichukua hati kutoka mbele ya Chiriku na kalamu kutoka mkononi mwake, akaikata ile sentensi kwa mstari ulionyooka, na chini yake akaandika. Aliandika polepole, na wengi walidhani anaandika maneno ya baraka. Alipomaliza alimpelekea Mama Lakiri mwenyewe.

Mama Lakiri alisoma. Akasoma tena. Akaiweka zawadi chini, sakafuni.

"Miaka minne?"

"Minne na miezi miwili."

"Mimi hapa narudisha lori kwa katoni moja."

"Najua, mama," alisema Mjomba. "Ndiyo maana sikukwambia."

Hakuna aliyepiga makofi. Mjomba aliichukua hati, akaiweka tena mbele ya mpwa wake na kuigonga kwa kidole. "Haya, saini. Sasa hakuna uongo." Chiriku alisaini, na saini yake ilitoka imepinda kama ya mtu anayejifunza kuandika.

Watu walianza kuondoka wawili wawili, kwa kunong'ona, na soda zao mkononi. Mama Lakiri alibaki amekaa na hati, na zawadi ikabaki sakafuni, hakuna aliyejua iokotwe au iachwe. Mjomba aliaga kwa kichwa, akatoka. Chiriku alimfuata karibu mbio, akampata kwenye sakafu ya kupakilia, katikati ya katoni, wapakiaji wakijifanya wanahesabu.

"Mjomba, umenikasirikia?"

"Sana," alisema. Akaushika mkono wake, akaubana kwapani kama alivyokuwa akifanya zamani wakivuka barabara, na hakuuachia mpaka walipofika langoni.