Wekundu wa Kopo la Maziwa

Masika alimimina maji ya moto ndani ya kopo, akalifunika, akarudi kufuta rafu za stoo. Kopo lenyewe lilikuwa la maziwa ya unga, limechakaa, limejaa wadudu wakavu wadogo kama dengu. Kwao Tanga, fukusi wakiingia kwenye kunde dawa yao ni hiyo hiyo: maji yanayochemka, kisha jalalani. Nyumba ya Bibi Mahfudha, hapo Al Kamil, Omani, ilikuwa mikononi mwake, na hakutaka mgeni wa harusi akute hata mdudu mmoja.

Alipolifunua akamwage, maji yalikuwa mekundu. Wala si wekundu wa kutu. Yalikuwa yamekolea hasa.

"Bibi! Njoo, bibi!"

Bibi Mahfudha akaja akipapasa ukuta. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Aliona vivuli tu, rangi zilikuwa zimempotea. Masika alipomweleza, kizee alishika mlango asianguke.

"Umeyamwaga?"

"Bado, bibi. Yamo."

"Alhamdulillahi! Basi ushaianza kazi. Usiyaguse."

Hao hawakuwa fukusi. Walikuwa wadudu wa rangi, walionunuliwa mjini Sur zamani na mama mkwe wake Mahfudha, mwanamke aliyempokea msichana kutoka Unguja asiyejua hata kushika uzi, akamfundisha kufuma. Mama mkwe huyo alifariki akaacha mkanda wa kumpamba ngamia siku ya harusi, mwekundu mtupu, umebaki shibiri chache kwisha. Mahfudha alikuwa ameapa kuumaliza kwa harusi ya mjukuu wake Tufool. Kufuma hakukumsumbua, maana vidole vyake vilijua njia bila macho. Kilichomshinda ni kutia sufu rangi, kwa sababu rangi inataka jicho, na wadudu walikuwa hao hao, wakiharibika hakuna wengine. Basi akawa anaahirisha tu. Kumwomba mtu macho kulimtia haya, na sasa harusi ilikuwa mwezi ujao.

"Maji yakishatoa rangi hayangoji," alisema. "Sufu imo sandukuni, nishaichemsha na shabu ipate kushika rangi. Lete sufuria kubwa. Leo miye sina macho ila yako."

Masika alisita. "Lakini bibi, wadudu kwenye harusi? Si uchafu?"

Simu ikalia. Alikuwa Tufool, anayesomea lugha Nizwa, na bibi akaamuru simu iwekwe spika.

"Tufool! Masika anasema nataka kumvisha ngamia wako wadudu."

Tufool akacheka. "Wallah, Masika, usione ajabu. Wareno, neno yao ya nyekundu ni *vermelho*. Asili yake Kilatini, *vermiculus*, yaani kidudu. Watu wa zamani walitia nguo rangi kwa kidudu kama hiyo ya bibi, mwisho rangi yenyewe ikachukua jina yake."

"Nyekundu yoyote?" Masika aliuliza. "Hata ya waridi?"

"Hata ya waridi. Wahispania nao wana *bermejo*, mtu nywele zake nyekundu-nyekundu."

"Kama Khalaf jirani akitia ndevu hina," bibi akadakia.

"Eeh, sawasawa! Na Wafaransa wana *vermeil*. Zamani ilikuwa nyekundu kali, leo hata fedha iliyopakwa dhahabu wanaiita hivyo. Yaani kidudu kapanda cheo, khalas."

Masika aliwatazama wale wadudu waliolainika majini, akawaonea fahari kidogo. Hakuuliza tena habari ya uchafu.

Moto ukawekwa mdogo. Ndimu kavu mbili zikatobolewa, zikatumbukizwa, kisha sufu ikazama. Bibi alikaa kwenye kigoda, uso kaupeleka kwenye mvuke.

"Ikoje?"

"Waridi, bibi."

"Geuza."

"Komamanga."

"Ganda au punje?"

"Punje."

"Bado. Mama mkwe alikuwa akinambia, usiitoe mpaka ujione umeiharibu."

Masika akageuza tena. Jasho lilimtiririka. Nani asingempenda kizee huyu, aliyekaa mikono mapajani, ameikabidhi ahadi ya maisha yake kwa macho ya mtu mwengine? Masika alimpenda, na kwa sababu hiyo aliogopa sana. Mara sufu ikaiva, ikawa nzito, ikaanza kuelekea weusi.

"Bibi, nimeiharibu! Imekuwa kama damu ya jana!"

"Itoe!" Bibi Mahfudha aliruka kutoka kigodani kama msichana. "Itoe sasa hivi!"

Sufu ilikauka kivulini. Kuanzia siku ya pili bibi alikaa chini mbele ya kitanda cha kufumia, akafuma asubuhi na alasiri, akinung'unika peke yake kila uzi ulipomkatikia. Wiki ya harusi ilipoingia, mkanda ulikuwa umekwisha, ukakatwa, ukatandazwa barazani mwanga wa mchana ukiupiga.

"Haya, Masika," alisema, akanyoosha mkono. "Niwekee kidole pale wekundu wa mama mkwe unapoishia na wetu unapoanza."

Masika alikishika kidole cha bibi kwa mkono wake, ambao mistari ya kiganja bado ilikuwa myekundu, akakipitisha juu ya mkanda taratibu, akiinama, akitafuta. Akafika mwisho, kiungo hajakiona. Akakirudisha mwanzo, akaanza tena.