Mbinya Asimama Thieta

Mbinya hakuwa mtu wa wivu. Hivyo ndivyo alivyojiambia kutoka Mbumbuni mpaka Nairobi, kiroba cha muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, miguuni pake, na kila alipojiambia ndivyo meno yalivyozidi kukazana. Eti wivu! Wivu wa nini? Kavata ni mdogo wake wa tumbo moja, alimbeba mgongoni akamfuta na kamasi. Sasa mtu utamwonea wivu mtu uliyemfuta kamasi?

Lakini haya mambo ya Mutindi yalikuwa yamemfika hapa, shingoni.

Mutindi alikuwa binti yake wa miaka kumi, kitinda mimba, na mwaka huo wa 1977 likizo zote alizimalizia kwa Kavata. Kavata hakujaliwa mtoto. Mumewe alimwacha kwa sababu hiyo hiyo, akabaki na chumba kimoja Makongeni, Nairobi, na kazi ya kushona yunifomu kiwandani. Likizo ya kwanza Mutindi alirudi na viatu vyeusi vya ngozi, Mbinya akasema asante. Ya pili alirudi na habari za thieta, jumba ambamo watu wazima na ndevu zao hujifanya watu wengine, na wewe unalipa kuwatazama. Hata hilo Mbinya alilimeza. Kilichomkwama kooni ni neno jipya ambalo mtoto alirudi nalo. Mami. Mami Kavata alisema hivi, Mami Kavata alinipeleka pale. Mbinya mwenyewe alikuwa mwaitu, kama kila mama wa Ukambani alivyo mwaitu kwa mtoto wake. Mami ni nani? Alizaa lini?

Sasa ilikuwa Desemba, Mutindi yuko Nairobi tena, na Kavata alikuwa ameandika barua. Aliomba mtoto abaki huko huko, Januari aingie darasa la tano. Kivuva, baba mtu, aliisoma mara mbili akijikuna kidevu.

"Shule za huko ni nzuri," alisema. "Lakini wewe ndiye mama. Neno la mwisho ni lako."

Neno la mwisho lilikuwa tayari, na lilikuwa hapana. Mbinya hakutaka kulituma kwa posta. Alitaka kulitamka Kavata akimtazama machoni.

Basi alifika, akapokewa kwa vicheko na chai ya maziwa mengi, na kabla hajafungua mdomo Kavata akatoa tikiti tatu kwenye mkoba.

"Dada, leo saa nane tunaenda thieta. Usikatae. Mtoto amengoja sana uone."

Mbinya alimwangalia mtoto. Nywele zilikuwa zimesukwa mistari mizuri, hakuna hata mmoja uliopinda.

"Nani amekusuka?"

"Mami."

"Umekula?"

"Mami alipika chapati."

Ngai wakwa! Kila swali jibu ni mami. Mbinya aliamua kwamba hapana yake itangoja mchezo uishe, halafu ataitoa nzima nzima, bila kuipaka asali.

Jumba lenyewe lilikuwa na viti vyekundu ambavyo hujikunja vyenyewe. Mbinya alisimama akikishangaa cha kwake mpaka Mutindi akakishusha kwa mkono mmoja, kama mtu afunguaye mlango wa kwao.

"Kinashushwa hivi, Mwaitu. Halafu taa zitazimwa. Usishtuke."

Kavata na Mutindi wakatazamana, wakatabasamu. Lilikuwa tabasamu dogo, la watu waliozoeana, na Mbinya hakuwa ndani yake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, alijiambia, na huyu hajazaa hata paka.

Taa zikazimwa kweli. Mchezo ulikuwa wa Kiswahili, habari za mzee aliyekufa na wanawe wakagombania shamba kabla hata kaburi halijachimbwa. Mbinya alinuna mwanzoni, lakini ugomvi wa shamba ni kitu anachokijua. Mara akaanza kusonya kwa yule mwana mkubwa. Mara akasema kwa sauti, "Mwone, mwizi!" Alisahau alikokuwa. Ndipo akaingia mhubiri, Biblia kwapani na kola nyeupe, akasimama mbele ya jeneza akainua mkono.

"Ndugu zangu, tusimame tuombe."

Mbinya akasimama.

Angefanya nini? Miaka ishirini kanisani, tangu akiwa msichana wa kwaya, akisikia tusimame tuombe miguu humtangulia. Alifumba macho, akainamisha kichwa na kitambaa chake. Nyuma yake mtu akasema, "Mama, keti, hatuoni!" Kicheko kikaanza nyuma, kikaja mpaka mbele, jumba zima likacheka. Hapo ndipo alipofahamu. Jasho lilimtoka kwapani. Kuketi ni aibu, kusimama ni aibu, akabaki hapo kama mti.

Halafu akahisi kitu kando yake. Akafumbua jicho moja.

Mutindi alikuwa amesimama. Viganja vimeshikana kidevuni, macho yamefumbwa kabisa. Kavata alikuwa ameketi, anamvuta pindo la gauni, ananong'ona, "Kaa chini, Mutindi, kaa chini," na mtoto hatikisiki.

Woi! Mbinya alirefuka. Wacha wacheke mpaka mbavu ziwaume! Mhubiri aliomba sala ndefu ya kipuzi, jicho lake likiwa kwenye sufuria ya nyama iliyokuwa jukwaani, na Mbinya alimsubiri mpaka mwisho akaitika "Amina!" iliyofika darini. Watu wakapiga makofi. Aliketi taratibu, akamtupia mdogo wake jicho la pembeni. Umeona? Damu ni damu. Kavata alikuwa ameinamia mkoba wake, na Mbinya akafurahi. Kweli alifurahi, mbele za Mungu siwezi kumsitiri.

Mchezo ulipokwisha Kavata alienda kwenye kibanda kununua soda. Mbinya aliinama akamnyoosha Mutindi kola.

"Umefanya vizuri kusimama, mama yangu. Watu wa huku hawamwogopi Mungu."

"Lakini Mwaitu, ilikuwa ni kuigiza tu. Yule mhubiri nilimwona Agosti, kwenye mchezo mwingine. Alikuwa askari."

"Kwa hivyo ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa ulisimamia nini?"

Mtoto alishangaa kuulizwa. "Si ulikuwa umesimama peke yako? Na walikuwa wanakucheka."

Mbinya alijiona mdogo ghafla, na mtoto akawa mkubwa. Mutindi alikuwa ameshageuka kuangalia kibandani, ambako Kavata alikuwa anapanga chupa tatu kifuani zisimponyoke.

"Mami pia huwa peke yake," alisema. "Nikipanda basi kurudi nyumbani, anajificha nyuma ya watu analia. Anafikiri simwoni."

Msije mkadhani wivu uliisha. Ulikuwa pale pale, umemkaba. Ila sasa Mbinya aliuona mtego wake wote: moyo uliomsimamisha mtoto huyu kando yake ndio huo huo unaomwita abaki huku, na huwezi kuuchukua nusu ukaacha nusu.

Kavata alifika na soda. Alizigawa bila kumtazama mtu.

"Dada," alisema, "ile barua yangu... kama umekuja kukataa, sema tu. Nitaelewa."

Hapana ilikuwa ulimini, imekaa tayari tangu Mbumbuni. Mbinya aliisikia ladha yake.

"Yunifomu umshonee kubwa kidogo," alisema. "Huyu anakua mbio."

Kavata aliinua uso, akamtazama.

"Na likizo ni zangu. Zote! Unasikia? Hata ile fupi ya Aprili."

"Nasikia, dada."

"Na usimsahaulishe Kikamba."

"Sitamsahaulisha," Kavata alisema, akaanza kulia waziwazi hapo hapo mbele ya watu, machozi na kamasi, na leo hakukuwa na wa kumfuta.

Mbinya alinyoosha mkono kumshika mwanawe, akashika hewa. Mutindi alikuwa ameshahamia upande wa Kavata, amesimama naye bega kwa kiuno, kimya, anawakazia macho wapita njia waliokuwa wanatazama. Mbinya aliona. Akaishika soda yake kwa mikono miwili, akainywa yote.