Gari Lililopigwa Chapa ya Chura

Mwaka 1936, watu wa New York walikuwa wakisikiliza redio na kulalamikia lifti, huku Wyoming watu bado wanapigana risasi kwa sababu ya maharage. Si kwamba serikali haikujaribu kuleta reli. Mara ya kwanza daraja la mto Missouri liliondoka na maji. Mara ya pili pesa ziliondoka na mkurugenzi. Mara ya tatu Walakota, wenyeji wa asili wa nchi ile, walidai ushuru kwa kila nyati atakayeshtuka, wenye reli wakakunja jamvi. Tangu hapo nchi ya magharibi ikaachwa ijiendee. Ndege ikipita juu ya mji wa Perdue, wanaume huifyatulia risasi mbili. Ndiyo salamu yao.

Milima ya Perdue ilikuwa na pengo moja tu la kupitisha barabara, na pengo hilo lilikuwa ndani ya ranchi ya Keziah Stroud, mama wa makamo mwenye ulimi kama wembe. Bwana Lyman Fitch, ofisa wa barabara, alishamwendea na ramani zake mara kadhaa. Kila mara Keziah alimjibu kwa bunduki, ingawa kwa adabu alilenga kofia tu.

Sasa Keziah alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya baa, na kamba nyingine ilikuwa inamsubiri nje. Mtoto hana, ndugu hana. Akinyongwa, ranchi inakuwa ya serikali, na barabara inapita. Fitch alilijua hilo vizuri. Ndiyo maana siku hiyo alikuwa amenyoa na kujipaka manukato.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Fitch alikuja na gari, la kwanza kuonekana Perdue. Lilipofika karibu na pengo likachemka, naye akachukua ndoo akashuka mtoni kutafuta maji. Aliporudi gari halipo, alikuta majani yaliyolala tu. Keziah alikuwa amelifunga nyuma ya maksai wawili na kuliburuta hadi zizini kwake.

Na huko, ukiua mtu utaulizwa kwanza marehemu alisema nini. Ukiiba farasi, huulizwi kitu, unanyongwa.

Jaji alikuwa Orville Tadlock, mwenye baa, kwa kuwa ndiye peke yake aliyekuwa na meza ndefu. Pia alikuwa mume wa zamani wa Keziah. Keziah alimfukuza kwa sababu ya kukoroma, mbwa wao akabaki kwa Keziah. Wyoming nzima hapakuwa na mtu mwenye sababu nzuri zaidi ya kumnyonga, na Keziah aliogopa, aliogopa hasa.

"Keziah, simama," Orville alisema.

"Nimefungwa kwenye nguzo, Orville. Unataka nisimame vipi tena?"

"Usianze."

"Aliyeanza ni nani?"

Watu wakacheka. Fitch akakohoa na kusogea mbele. "Mheshimiwa, najua sheria yenu. Mwizi wa farasi hunyongwa. Sasa asiniambie mtu kwamba gari ni kitu kingine. Linanibeba. Linakunywa maji. Ukiliwasha vibaya linapiga teke."

"Kwa hiyo unasema ni farasi."

"Mbele ya sheria, ni farasi."

"Apa."

Fitch akaapa, mkono juu, kwa sauti ya kanisani.

 Mzee mmoja akaguna, na wa pili akaguna, na Keziah, aliyekwisha kuanza kuiaga dunia, akainua kichwa.

"Bwana Fitch," Orville akauliza taratibu, "huyu farasi wako ulimwacha malishoni peke yake?"

"Kidogo tu."

"Alikuwa na chapa?"

"Ana bati la namba."

"Limeshikwa na nini?"

"Skrubu."

"Bwana wee, hata mimi naweza kumfungia nguruwe bati kwa skrubu."

"Nguruwe hatakubali," mtu akadakia kutoka nyuma.

"Keziah, ulimpiga chapa?"

"Nilimpiga. Pale kwenye kiti. Ngozi ni ngozi."

Wote wakatoka kwenda kutazama. Kweli, katikati ya kiti cha ngozi palikuwa na chura, chapa ya Keziah, bado ananuka moshi.

"Mnyama asiye na chapa, akikutwa peke yake malishoni, ni wa aliyemtia chapa ya moto kwanza," Orville akatamka. "Babu zetu walikula ng'ombe wa wenzao kwa sheria hiyo, na mimi sitaiharibu leo. Afunguliwe."

Keziah alilia bila aibu. Orville alipokuwa akifungua fundo, Keziah akamnong'oneza, "Ungeninyonga?"

"Niliwaza. Ila mbwa angebaki na nani?"

"Mbwa alishakufa."

"Mwanamke huyu! Ungesema kabla ya hukumu!"

Fitch hakubisha. Alilitazama gari lake kama mtu anayemwoza binti. "Hongera, mama. Petroli iliyobaki itakuzungusha zungusha hapa mjini."

"Ikiisha?"

"Unaagiza nyingine."

"Inaletwa na nini?"

"Na lori," Fitch akasema, akaondoka kwa miguu akipiga mluzi.

Jioni hiyo Keziah alizunguka Perdue na Orville pembeni yake, kuku wakiruka, nywele zikipepea, akipiga vigelegele. Tangu usichana wake hakuwa amefurahi hivyo. Gari likakohoa, likazima mbele ya kanisa. Wanaume wakalisukuma, wakalivuta kwa maksai, hata nyumbu wakamjaribu. Haikuwa ile raha. Majira yote ya baridi Keziah alikuwa akikaa ndani yake zizini, mikono kwenye usukani, akiunguruma kwa mdomo.

Theluji ilipoyeyuka, Fitch alirudi pengoni na wapimaji sita wenye bunduki. Hawakuzihitaji. Walikuta misonobari imelala chini, njia imefunguka upana wa lori, na Keziah katikati yake na shoka, jasho likimtiririka.

"Mlikuwa wapi siku zote hizi?" aliwafokea.