Mshipi Ndani ya Tangi Kavu

Jumanne, saa kumi na dakika chache alasiri, msoma mita wa Idara ya Maji alivua viatu vya kazi, akapanda ngazi mpaka juu ya paa la jengo la ghorofa nne alimopanga, akafungua mfuniko wa tangi la plastiki la lita elfu mbili, akatumbukiza chambo. Tangi lilikuwa kavu. Hiyo ilikuwa wiki ya sita likiwa kavu, na buibui mmoja alishahamia humo na kujenga.

Hakuwa amepungukiwa akili, ingawa jirani wa ghorofa ya pili alikuwa na maoni yake. Bwawa alilozoea kuvua, nje kidogo ya mji, lilizungushiwa ukuta mwaka jana kwa ajili ya usalama wa umma, na yeye hakutaka kidole chake kisahau kazi. Uvuvi wake ulikuwa wa vitu vyepesi: fimbo nyembamba, mshipi usiozidi uzi wa cherehani, na mwisho wake ndoana yenye kichwa cha risasi cha ukubwa wa punje ya mahindi, iliyovishwa mkia wa mpira. Samaki walao wenzao huuona mkia ule ukitikisika wakadhani ni kisamaki kilichochoka. Mvuvi hukiacha chambo kizame huku akihesabu moyoni mpaka kiguse chini, kisha hukiinua kidogo, hukiacha kishuke, hukiinua tena, kidole kikiwa juu ya mshipi muda wote. Bwana Mita, kama mtaa ulivyomwita, aliweza kulieleza jambo hili saa tatu mfululizo bila kunywa maji, na ilikuwa heri, maana hayakuwapo.

Kwa kawaida chambo kiligusa chini ya tangi kabla hajamaliza kusema mbili. Siku hiyo alihesabu mpaka kumi na tisa. Akainua, akaacha, kitu kikagonga. Alilegeza breki ya kigurudumu cha mshipi, akavutana nacho taratibu, na baada ya dakika nne akatoa samaki wa kilo moja na robo, mwenye mdomo mpana na sura ya kudai, akichuruzika maji. Bwana Mita akachungulia ndani. Buibui alikuwa palepale, mkavu.

Mke wake alikuwa dobi. Vyumba vyao viwili vilijaa mashuka ya watu na mashati ya watu, na wenyewe walishaanza kuja kuyachukua yakiwa machafu kama walivyoyaleta. Alikuwa ametoa muda: bomba lisipotoa maji kufikia Jumamosi, anahamia na mabeseni yake kwa dada yake. Alipopanda juu ya paa hakumtazama samaki. Alitazama sakafu iliyolowa.

"Na hayo maji umeyaacha yamwagike hivihivi?" aliuliza.

Wakajaribu. Ndoo iliposhushwa iligonga plastiki ikaruka. Kikombe kilichofungwa kamba kiligonga pia. Risasi nzito ya kuvulia samaki wakubwa ilisema ko, ikalala pale karibu na buibui. Kilichopita ni chambo kidogo tu, tena kikishushwa bila papara. Basi dobi akaweka beseni, na kila samaki alining'inizwa juu yake mpaka aishe kudondoka. Samaki kumi na wawili walitoa kikombe kimoja. Kufikia Jumatano jioni majirani wote walikuwa wameshakula samaki wa kukaanga, na yule wa ghorofa ya pili alilalamika kwamba sasa kiu imezidi.

Alhamisi, dobi alipasua samaki mmoja akakuta tumboni mwake visamaki vitatu vyekundu vyenye madoa ya dhahabu. Kisu hakikusita.

"Hawa ni wa Mkurugenzi," alisema. "Dada huwa anawatupia mkate."

Dada yake aliishi na kufua nguo nyumbani kwa Mkurugenzi wa Idara ya Maji, ndani ya ule ukuta wa usalama wa umma. Hivyo ikajulikana maji ya mtaa yalikoenda, na wote wawili wakaendelea kuparua magamba. Baadaye dobi alimwambia mumewe kwamba hahitaji hotuba. Amkabili Mkurugenzi, amwambie neno moja, afungue bomba. Bwana Mita alilifanyia mazoezi neno hilo usiku kucha, hata usingizini, na lilimtoka vizuri.

Hakuhitaji kwenda ofisini. Ijumaa alasiri Mkurugenzi alikuja mwenyewe, na dereva wake nyuma, kwa sababu samaki wake walikuwa wakipungua na aliona mshipi ukining'inia bwawani bila mvuvi, na mtaa mmoja tu ndio uliokuwa ukinuka samaki wa kukaanga. Alifika juu ya paa akihema, akaomba maji. Akapewa kile kikombe cha samaki kumi na wawili. Akakinywa chote.

"Yana ladha ya nyumbani," alisema.

Dobi alisimama na beseni tupu mkononi, akamtazama mumewe. Bwana Mita akakohoa, akanyoosha kola, akafungua mdomo. Mkurugenzi naye alikuwa ameshainama juu ya tangi, akiushika mshipi kwa vidole viwili.

"Risasi yako ya gramu ngapi?" aliuliza.

Katika miaka kumi na moja ya ndoa na kumi na sita ya kazi, hakuna aliyewahi kumuuliza Bwana Mita swali hilo. Moyo wake uliyeyuka. Alisema gramu tatu. Akaeleza kwa nini si nne. Akafungua kiboksi chake cha mikia, akaipanga kwa rangi, akamfundisha Mkurugenzi kuhesabu, akamshika kidole na kukiweka kinapotakiwa. Saa mbili zilipita. Mkurugenzi alivua samaki watatu, akamkabidhi dereva, kwa vile walikuwa wake, na kusema kwamba Ijumaa ijayo atakuja na fimbo yake na kiti. Kwenye mlango wa ngazi aligeuka.

"Ulikuwa na jambo la kuniambia?"

"Mkia wa kijani, mheshimiwa," alisema Bwana Mita. "Kukiwa na mawingu."

Jumamosi asubuhi dobi alifunga mabunda yake. Hakugombana. Alichukua mashuka ya watu, mashati ya watu, na shati la kazi la mumewe, kwa sababu lilikuwa chafu na yeye ni dobi. Bwana Mita alimbebea mabeseni mpaka chini, akarudi chumbani, akakaa palipokuwa na mabunda. Ilimuuma sana, na hakuweza hata kumlaumu mtu, maana kosa lilikuwa lake, na alilitenda kwa furaha.

Jumapili alasiri akapanda juu ya paa, akashusha chambo, akahesabu mpaka kumi na tisa. Hakuna kilichogonga. Alikaa hivyo karibu saa nzima. Kisha kidole chake kikahisi mivuto miwili midogo, ya mtu anayekuvuta mkono wa shati ili umsikilize. Akalegeza breki. Kilikuwa kizito ila hakikupigana, naye akakipandisha polepole, maana mshipi wake haukuwa wa mizigo.

Lilikuwa shati lake la kazi, limefuliwa. Ndoana ilikuwa imepitishwa kwenye tundu la kifungo cha juu, isije ikachana kitambaa, na kifungo cha tatu, kilichokuwa kimepotea tangu mwaka jana, kilikuwa kimeshonwa. Alilinusa. Akalitundika juu ya kikaango, kwa kuwa mabeseni yote yalikuwa yameondoka, na likadondosha kikombe kimoja na nusu. Kisha akachomeka soksi moja kwenye ndoana, maana mbili zingekuwa nzito, akaishusha bila papara.

Jumatatu alilivaa shati likiwa bado bichi mgongoni, akaenda kusoma mita za mtaa wake. Mabomba yalitoa upepo, na mita zilizunguka vizuri. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiandika namba, na kila alipogonga, watu walimfungulia, wakamgusa mkono wa shati, shati pekee safi mtaani, wakamwuliza mkewe hajambo.