Barua Pepe Iliyomwita Wifi "Mpendwa"

Mpiga picha mmoja wateja walimwita Tabasamu, kwa kuwa hakuwahi kubonyeza kamera kabla ya kulitamka neno hilo. Asubuhi moja duka lake lilijaa wanafunzi waliotaka picha za pasipoti, naye akawa anakata picha huku jicho moja likiwa kwenye kompyuta. Mara barua pepe ikaingia: "Sanduku lako la barua limejaa. Thibitisha ndani ya saa moja, la sivyo picha zako zote zitafutwa."

Picha za miaka kumi na mmoja! Akabonyeza palipoandikwa abonyeze, akaandika nywila yake, ukurasa ukawa mweupe pe. Akashukuru kwamba yameisha, akarudi kwenye mkasi.

Haikupita nusu saa, simu ikalia. Alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, karani wa mapokezi zahanatini. Tabasamu aliikodolea macho ile simu. Hawakuwa wamesemeshana kwa miezi saba, tangu alipotundika dirishani picha ya ukoo ambamo wifi alionekana kiwiko tu.

"Umeniita mpendwa," wifi alisema bila hata salamu.

"Mimi?"

"Kwenye barua pepe. 'Mpendwa, nimekwama. Ninunulie vocha uniandikie namba zake. Usinipigie, nipo kikaoni.' Wewe na kikao wapi na wapi? Na tangu lini mimi nikawa mpendwa wako?"

Tabasamu akajikuta amekaa kwenye kiti cha wateja. "Mbona sijakuandikia kitu, wifi?"

"Nilijua. Leo umebonyeza nini?"

Akaeleza. Wifi akamkatiza: "Usiguse kitu. Nakuja."

Wifi alifika bado amevaa beji ya kazini, akavuta kiti. Ule ujumbe hakuufungua tena; aliandika mwenyewe anwani ya tovuti ya barua pepe, herufi kwa herufi.

"Nywila yako ya zamani?"

"Tabasamu moja mbili tatu."

"Na ya benki?"

Tabasamu akatazama dari. "Tabasamu moja mbili tatu nne."

Wifi alicheka hadi akashika meza, na wanafunzi wawili waliobaki wakacheka naye. Wakabadilisha zote mbili, kila moja ndefu na ya peke yake, wakawatoa wote waliokuwa wameingia kwenye akaunti, kisha wakaweka ulinzi wa namba inayotumwa kwenye simu. "Na namba hiyo," wifi alionya, "hata akikuomba mtu anayejiita meneja wa benki, humpi."

"Sasa," aliendelea, "tuwapigie watu wote walio kwenye orodha yako; nao wameandikiwa."

"Wifi, aibu! Watasema nimeibiwa kama mtoto."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Piga."

Wa kwanza alikuwa mumewe. "Barua? Niliipata," alisema kwa sauti laini ajabu. "Nimejibu kwamba nami nakupenda, nikauliza vocha za mtandao gani."

"Kaka, weka hela mfukoni!" wifi alifoka, na mume alipoisikia sauti ya dada yake dukani kwa mkewe, akasahau kabisa habari za vocha. "Nyie mko pamoja?"

"Tuna kazi," walijibu kwa pamoja, wakakata.

Mwalimu mstaafu aliyepigiwa picha za harusi ya bintiye walimkuta yuko kwenye foleni ya dukani, vocha tatu mkononi. Alizirudisha, akashukuru mara nne. Wengine walicheka, wengine wakakiri kwamba nao yaliwakuta, ila hawakuthubutu kusema.

Adhuhuri ilipofika walikuwa wamemaliza orodha yote na sauti zimewakauka. Wifi alivua viatu, akanyoosha miguu, akaanza kusimulia habari za mwanawe aliyeota meno. Tabasamu alisikiliza, akauliza hili na lile, na wateja wa mchana walipoanza kuingia wifi hakuaga. Alichukua mkasi, akakaa kukata picha.