Udongo Ulioshika Stesheni

Mwanaamina alikuwa akisugua mtungi mbichi kwa kokoto, ili ung'ae kabla ya kuchomwa, mtungi ulipomsalimu kwa sauti ya mwanamume na kuanza kusoma bei ya mbata, zile nazi kavu za kuuza. Aliugeuza mdomo chini. Bei iliendelea, kwa sauti ya chini kidogo. Ilikuwa saa ya taarifa ya habari, na kituo cha utangazaji cha mjini kilikuwa kimeanza kurusha matangazo mwaka huo. Alimaliza kusugua, akauchoma pamoja na mingine, na siku ya gulio akaiuza yote.

Watu wa Kibuta waliizoea upesi. Kila mtungi uliotokana na shimo lake la udongo ulishika stesheni, na yote ilisema neno moja kwa wakati mmoja, hapo kijijini na hata Janga, upande wa Kibaha, alikokuwa akiishi mdogo wake Twalibu. Jirani yake Tatu alinunua mkubwa kuliko yote kwa ajili ya taarabu ya jioni.

"Huu unajua bei ya mbata kuliko mume wangu," alisema, "na hauombi chai."

Hofu iliingia siku Twalibu alipofika kutoka Janga na godoro kichwani. Alikunywa maji kwanza. Kisha akaeleza kwamba mashamba yao yametiwa ndani ya msitu wa serikali, na nyumba za waliochelewa kuondoka zimechomwa moto.

"Hamkubisha?" aliuliza Pazi, mume wa Mwanaamina.

"Tulibisha, shemeji. Tukasema hatukuambiwa. Bwana Shauri wa wilaya akasema mitungi ilisoma tangazo, na kila nyumba ina mtungi." Twalibu aliitazama mitungi ya dada yake iliyokuwa inakauka kivulini. "Na kweli ilisoma. Mimi nilikuwa nasubiri taarabu."

Sheria yenyewe haikuwa na utata. Mahali ambapo tangazo halikusikika, Bwana Shauri alilazimika kuja mwenyewe, kuitisha baraza na kusikiliza pingamizi la kila mwenye shamba. Mahali liliposikika, watu walikuwa wameshaambiwa, na hawakuulizwa kitu.

Baadaye alikuja mkaguzi wa kituo, kijana aitwaye Saburi, aliyevaa soksi ndefu na viatu vilivyopigwa rangi. Alipita nyumba hadi nyumba akiinamia mitungi. Mwishowe akafika uani kwa Mwanaamina.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mitungi yako inashika vizuri kuliko redio zetu. Kituo kimeona hapa pasiletewe redio, haina haja."

"Na mtatusomea nini?"

Saburi alifuta vumbi kwenye soksi. "Tangazo la msitu, Ijumaa, baada ya habari. Majina ya vijiji sijapewa." Alipewa chai, hakuimaliza.

Mwanaamina alianza kuvunja, kwanza mitungi yake mwenyewe. Wa kwanza aliupiga mara mbili kabla haujapasuka. Tatu alileta wake mkubwa, na wengine wakafuata, mpaka uani hapakuwa na pa kukanyaga. Jioni ile vigae vyote vilisoma habari, kila kigae kwa sauti kamili. Mtungi uliokuwa na mdomo mmoja sasa ulikuwa na thelathini.

"Tumeongeza," alisema Pazi.

Vigae vikatiwa magunia. Pazi na Twalibu walivibeba hadi bonde la mchanga mbali na kijiji, wakavifukia. Usiku huo Kibuta ilikuwa kimya. Mwanaamina hakulala. Alifikiria shamba lake la mihogo, minazi aliyoachiwa na mama yake, na kaburi la mwanawe wa kwanza nyuma ya ile minazi. Kwenye baraza angeweza kulitaja kaburi.

Ijumaa, baada ya magharibi, waliketi ndani. Twalibu alikuwa amelikunja godoro lake tayari. Saa ya habari ilifika, ikapita. Pazi alishusha pumzi. Tatu alipenyeza kichwa mlangoni na kuuliza kwa kunong'ona kama nako kwao ni kimya.

Ukuta ndio uliomjibu. Nyumba zote za Kibuta zilikandikwa kwa udongo wa shimo lile lile. Kuta zilikuwa zimenyamaza muda wote kwa kuwa mitungi ilitosha, na mitungi ilipoondoka zilichukua muda kupata sauti. Sasa zilisoma tangazo lote, taratibu, na Kibuta ilikuwa ya pili kutajwa. Mwanaamina aliweka kiganja ukutani, mahali sauti ilipotokea. Ukuta ulikuwa na joto, nao ukasoma tarehe ya mwisho ya kuondoka.

Nje, Saburi alikuwa amesimama njiani na tochi. Hakukaribia.

"Inasikika?" aliuliza.

Kuta za nyumba zote zilikuwa zikimtakia usiku mwema.

Walihama kabla ya tarehe. Bwana Shauri hakuja, kwa kuwa haikuwa lazima. Saburi alikuja kuwaaga, akamsaidia Mwanaamina kujitwika kapu la vyombo, kisha akauliza wanakwenda wapi, na kama huko kuna udongo wa kufinyangia.

"Hakuna," alisema Mwanaamina. "Mchanga mtupu."

Saburi alifikiri kidogo.

"Basi huko," alisema, "itabidi tuwaletee redio."